Sukari ndani ya ORS: ATP inalipwa wapi?

Mwanabiolojia_FortPortal aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba walimu na wahudumu wa afya mnifungulie fundo hili.

Vitabu vya S.5 (kidato cha tano) vinasema glukosi huingia kwenye seli za utumbo mwembamba kwa usafirishaji amilifu, yaani kutoka palipo na kidogo kwenda palipo na nyingi, na kwamba usafirishaji wa namna hiyo hauendi bila ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Lakini ukitazama mchoro wa protini inayoingiza glukosi hiyo, SGLT1, huoni ATP ikivunjwa popote. Unaona sodiamu mbili na glukosi moja zikiingia pamoja, basi. Sasa ATP iko wapi?

La pili ni kuhusu kipindupindu. Ikiwa seli za utumbo zinamwaga maji na chumvi bila kukoma, ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa kwa anayeharisha) inapenya vipi kwenye utumbo huo huo? Na kwa nini maji yenye chumvi peke yake hayafanyi kazi hiyo?

La tatu ni la vitendo. Mara nyingi pakiti nzima ya ORS hukorogwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kwa hoja kwamba ikiwa kali itafanya kazi upesi. Ukipima kwa osmosisi (maji kupita utando kwenda palipokolea zaidi), ubaya wake ni nini hasa? Nikipata na tarakimu nitashukuru. "Maji hutoka palipo na maji mengi" ni jibu ambalo halinitoshi tena.

Mwalimu_Mbarara alijibu:

Ndugu, mchoro wako hauna kosa. ATP haitumiki pale glukosi inapoingilia. Inatumika upande wa pili wa seli hiyo hiyo, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea kwa sababu vitabu huchora mlango mmoja tu.

Seli ya utumbo ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja unatazama chakula na una vinyweleo vidogo sana vinavyoongeza eneo la kunyonyea. Upande mwingine unatazama damu. SGLT1 iko upande wa chakula. Pampu ya sodiamu na potasiamu iko upande wa damu. Pampu hii ndiyo inayolipa. Kila mzunguko huvunja ATP moja, hutoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili.

Fuata hatua zake. Pampu ikiwa imefunguka kuelekea ndani, ioni tatu za sodiamu hujipachika. ATP huja na kuiachia fosfati moja. Fosfati hiyo ikishagandamana na pampu, umbo la pampu hubadilika: inajifunga ndani, inafunguka nje, na mshiko wake kwa sodiamu unalegea, kwa hiyo sodiamu zinadondoka nje. Potasiamu mbili zinakaa, fosfati inang'oka, pampu inarudi kwenye umbo lake la kwanza na kuachia potasiamu ndani. Aliyeitambua pampu hii ni Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, akitumia neva za kaa. Mwaka 1997 alipata nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia.

Matokeo ya kazi hiyo isiyolala ni kwamba ndani ya seli sodiamu hubaki milimoli 10 hadi 15 kwa lita, wakati nje ni kama 140. Tena ndani pana chaji hasi. Kwa hiyo sodiamu iliyoko nje inavutwa ndani na mambo mawili kwa pamoja: uchache wa sodiamu wenzake huko ndani, na chaji hasi. Utando wenyewe ni mafuta, haupitishi ioni. Sodiamu itapita tu ikipata protini ya kuipitisha.

SGLT1 ni mojawapo ya protini hizo, lakini ina sharti. Sodiamu mbili hukaa kwanza. Zikishakaa, protini inakuwa na mshiko mzuri kwa glukosi. Glukosi ikikaa, protini inageuka na kufunguka ndani. Kwa kuwa ndani sodiamu ni chache, zile mbili zinaachia, na glukosi inaachwa nayo. Sodiamu imeshuka mteremko wake, na katika kushuka huko imempandisha glukosi. Ndiyo maana jina lake kamili ni usafirishaji amilifu wa daraja la pili: nishati inatoka kwenye mteremko wa sodiamu, na mteremko huo umejengwa kwa ATP. Aliyependekeza kwamba sodiamu na glukosi husafiri pamoja ni Robert Crane, mwaka 1960.

Kutoka ndani ya seli kwenda kwenye damu, glukosi hupita GLUT2, mlango wa kawaida usiodai nishati, maana sasa ndani ya seli glukosi ni nyingi kuliko kwenye damu.

Ushahidi mzuri wa kuandika kwenye mtihani ni wabaini. Hii ni sumu inayopatikana kwenye miti ya jenasi Acokanthera, ile ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki walipaka kwenye mishale, na jina lake limetokana na neno la Kisomali waabaayo. Wabaini huziba pampu ya sodiamu na haigusi SGLT1 kabisa. Hata hivyo ukiiweka upande wa damu, unyonyaji wa glukosi dhidi ya mteremko haukatiki papo hapo. Unafifia polepole kadiri sodiamu inavyojaa ndani ya seli, mpaka unakoma. Kama ATP ingetumika kwenye SGLT1 yenyewe, usingeona huko kuchelewa.

Biokemia_Kampala alijibu:

Mwalimu amemaliza la kwanza, nami naongeza hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu hawezi kuona kwa nini ni sodiamu mbili, si moja.

Uwezo wa juu kabisa wa SGLT1 kukusanya glukosi unapatikana hivi: uwiano wa sodiamu nje kwa ndani, upandishe kwa kipeo cha pili, kisha zidisha na mchango wa chaji. Tuchukue sodiamu 140 nje na 14 ndani, yaani mara 10. Kipeo cha pili ni 100. Tuchukue volti ya utando milivolti 60 hasi. Katika nyuzi 37, RT/F (kipimo cha volti kinachotokana na joto) ni milivolti 26.7. Chaji mbili mara 60 ni 120. Gawanya kwa 26.7 upate 4.5, na e kwa kipeo cha 4.5 ni kama 90. Zidisha 100 kwa 90: kinadharia seli inaweza kuwa na glukosi mara 9,000 kuliko iliyobaki utumboni. Kwa sodiamu moja ungepata mara 10 zidisha 9.5, yaani 95 tu. Kwa vitendo seli haifiki 9,000 kwa sababu glukosi inaondoka kupitia GLUT2, lakini uwezo huo ndio unaowezesha utumbo kufagia hata glukosi ya mwisho baada ya mlo.

Sasa gharama. Pampu hutoa sodiamu 3 kwa ATP 1. Glukosi moja imeingia na sodiamu 2. Kwa hiyo kuzitoa ni theluthi mbili za ATP. Glukosi hiyo ikichomwa kikamilifu inaleta ATP 30 hadi 32. Gharama ya kuiingiza ni ndogo sana, ila lazima ilipwe kabla, na hulipwa na seli yenye mitokondria na oksijeni. Utumbo ukikosa damu kwa muda, pampu husimama mapema na unyonyaji wote huanguka pamoja nayo.

Kuhusu ATP 38 kwa glukosi moja zilizomo kwenye vitabu vya zamani: hesabu ile ilichukulia kila NADH inatoa ATP 3 na kila FADH2 inatoa 2 (hizi mbili ni molekuli zinazobeba elektroni zilizotoka kwenye chakula). Vipimo vya baadaye vilionyesha 2.5 na 1.5. Sababu ni protoni. NADH moja husukuma protoni 10 kupita utando wa ndani wa mitokondria. Mashine ya kutengeneza ATP kwa wanyama kama sisi ina duara la protini 8. Mzunguko mmoja hupitisha protoni 8 na kutoa ATP 3, na kila ATP inadai protoni moja zaidi ya kuingiza fosfati na kubadilishana ATP na ADP. Jumla ni protoni 3.7 kwa ATP moja. Gawanya 10 kwa 3.7 upate 2.7, na baada ya kuvuja kidogo tunasema 2.5. Kisha: NADH 10 mara 2.5 ni 25, FADH2 2 mara 1.5 ni 3, ongeza 4 zinazotengenezwa moja kwa moja, unapata 32. Zikiwa NADH mbili za nje ya mitokondria zimeingizwa kwa njia ya gliserofosfati, zinahesabiwa 1.5 kila moja na jumla inakuwa 30.

Naomba mtazame jambo hili kwa makini, maana ni zuri sana. Mitokondria inafanya kitu kile kile kinachofanywa na seli ya utumbo. Inajenga mteremko wa ioni, kisha inaushusha kupitia protini inayofanya kazi. Peter Mitchell alipolisema hili mwaka 1961 wengi walimkatalia, na Nobel ikaja mwaka 1978. Ukitaka mfano wa darasani, bwawa la Nalubaale pale Jinja linafaa: maji ya Nile yanashuka, turbini inazunguka, umeme unatoka. Mashine ya ATP nayo huzunguka kwa kweli, hilo si fumbo la maneno. Mfano unakatika mahali pamoja tu: protoni zinarudishwa juu na nishati ya chakula, wakati maji ya Nile hurudishwa juu na jua na mvua.

Figo_na_Damu alijibu:

Nyongeza fupi, wanafunzi wasije wakaandika kwamba glukosi huingia hivi kwenye seli zote. Chembe nyekundu za damu hutumia GLUT1, misuli na mafuta hutumia GLUT4 inayoletwa kwenye utando na insulini, na hizo zote ni difyusheni saidizi, kushuka tu. Njia ya sodiamu iko pale ambapo mwili hautaki kupoteza hata tone la sukari: utumbo mwembamba na mirija ya figo. Figo huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku na kuirudisha karibu yote, sehemu kubwa kupitia SGLT2 inayotumia sodiamu moja, kisha SGLT1 hufagia mabaki mbele zaidi.

Musawo_Hoima alijibu:

Mimi nachukua la pili na la tatu, kwa sababu kwenye mialo ya Ziwa Albert kipindupindu si mada ya kitabu tu.

Sumu ya Vibrio cholerae haitoboi utumbo. Inaingia ndani ya seli na kukwamisha swichi moja, protini iitwayo Gs, ikabaki imewashwa. Swichi hiyo inaamuru kimeng'enya kitengeneze cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, bila kukoma. cAMP ikijaa, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Kwanza, mlango wa kloraidi uitwao CFTR unafunguka upande wa utumbo. Kloraidi inatoka, sodiamu inaifuata kwa kupita katikati ya seli na seli, na maji yanafuata chumvi. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Pili, cAMP inafunga njia ya kawaida ya kunyonya chumvi, ile protini NHE3 inayobadilishana sodiamu na protoni.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Maji ya chumvi peke yake yanategemea NHE3, na NHE3 imefungwa. Chumvi inabaki utumboni, na maji yanabaki nayo. SGLT1 haiguswi na cAMP. Ukiweka sukari na chumvi pamoja unafungua mlango ambao sumu haikuweza kuufunga. Glukosi inavuta sodiamu, na zote mbili zinavuta maji. Sukari ya ORS haikuwekwa kwa ajili ya kumpa mgonjwa nguvu. Imewekwa ili kuipitisha sodiamu.

Angalieni pia kwamba ORS haizibi mfereji unaovuja. CFTR inaendelea kumwaga na mgonjwa anaendelea kuharisha. Tunachofanya ni kuingiza maji mengi kuliko yanayotoka, mpaka seli zilizoshikwa na sumu zing'oke zenyewe. Seli za utumbo huzaliwa upya kila siku 3 hadi 5. Kosa linaloua watoto ni kuacha kuwapa ORS kwa sababu "mbona bado anaharisha". Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis alikosa dripu za kutosha na akawapa wagonjwa mchanganyiko wa kunywa. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila 100 hadi chini ya 4.

Sasa tarakimu za pakiti. Fomula ya WHO ya mwaka 2002 ina gramu 20.5 kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloraidi ya potasiamu 1.5, sitreti ya sodiamu 2.9. Ikiyeyuka kwenye lita moja inatoa milimoli 75 za sodiamu, 75 za glukosi, 20 za potasiamu, 65 za kloraidi na 10 za sitreti. Jumlisha, ni milimoli 245 za chembe kwa lita. Damu iko karibu 290. Kwa hiyo kinywaji kiko chini ya damu kidogo, na maji yana njia ya kuingia tangu mwanzo. Fomula ya zamani ilikuwa na jumla ya 311, na ilipunguzwa kwa sababu watoto waliopewa ile hafifu walitapika kidogo na wachache zaidi walihitaji dripu.

Weka pakiti hiyo kwenye nusu lita: 245 inakuwa 490. Sasa kilichomo utumboni ni kikali kuliko damu, na maji yanatoka kwenye damu kwenda utumboni. Umeongeza kuharisha kwa mkono wako mwenyewe. Sodiamu nayo imefika 150, juu ya ile ya damu. Mtoto mdogo ambaye figo zake bado changa anaweza kupandwa na sodiamu mwilini: kiu kisichokatika, kulialia, kisha degedege. Ukifanya kinyume, pakiti moja kwenye chupa ya lita moja na nusu, unapata jumla ya 163 na sodiamu 50. Maji yatanyonywa, lakini chumvi anayopoteza mgonjwa wa kipindupindu haitarudi yote.

Soma pakiti kabla ya kuifungua, kwa sababu zipo ndogo zilizotengenezwa kwa mililita 200 au 500. Za lita moja, pima kwa chupa mbili za maji za nusu lita, au chupa mbili za bia za nusu lita zilizooshwa vizuri. Kikombe cha tumpeco ni karibu nusu lita kikijaa, lakini kwanza kipime kwa chupa, maana vipo vilivyobonyea. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe, ndipo ukoroge. Usichemshe yakishachanganywa, maana yanayopanda kwa mvuke ni maji tu na chumvi inabaki ikizidi kukolea. Yakifika saa 24, mwaga na utengeneze mapya.

Kiasi: mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mwenye dalili za kupungukiwa maji (macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, anakunywa kwa pupa) apewe mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4, akiwa kituoni. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha rudia kijiko kimoja kimoja kila dakika moja au mbili. Asiyeweza kunywa au aliyelegea hadi hajitambui ni wa dripu, msingoje. Watoto wapewe pia zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na walio chini ya miezi 6 miligramu 10.

Mwanabiolojia_FortPortal:

Asanteni sana walimu, na wewe Musawo. Hapo kwenye NHE3 ndipo fundo lilipofunguka. Mawili yamebaki. Nyumbani ambako hakuna pakiti, kwa nini huambiwa sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko kwa lita moja ya maji, wakati kwenye pakiti glukosi na sodiamu ni sawasawa? Na shule isiyo na vifaa vingi inaweza kuwaonyesha nini wanafunzi kuhusu utando?

Biokemia_Kampala:

La vijiko nalijibu mimi. Sukari ya dukani si glukosi, ni sukrosi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4, kwa hiyo 6 ni gramu 24 hadi 25, sawa na milimoli 72. Kwenye ukuta wa utumbo kimeng'enya sukrasi huikata kila molekuli kuwa glukosi moja na fruktosi moja. Unapata glukosi 72, karibu na ile ya pakiti, na fruktosi 72 ambayo inapita njia nyingine, GLUT5, isiyovuta sodiamu. Chumvi nusu kijiko ni kama gramu 2.5 hadi 3, yaani sodiamu 43 hadi 51 na kloraidi kiasi hicho hicho. Jumlisha vyote baada ya sukrosi kukatwa: kati ya 230 na 246. Unaona inavyolingana na 245. Ukijaza vijiko vya sukari hadi vifanye kichuguu, sukari inakuwa karibu maradufu na jumla inapita damu. Pungufu za mchanganyiko huu ni mbili: hauna potasiamu na hauna sitreti ya kurekebisha asidi ya damu. Ndiyo maana pakiti ikipatikana, pakiti kwanza.

Fundi_Maabara_Kabale alijibu:

Upande wa vitendo shuleni, viazi mviringo vya huku kwetu vinatosha kwa osmosisi, ila majaribio mengi huharibika kabla hata ya kuanza, kwenye kutengeneza mmumunyo. Mtu huchukua gramu 342 za sukari na kuzimimina kwenye lita moja ya maji, akidhani ana moli 1 kwa lita. Sukari nayo ina ujazo. Atapata lita 1.2 na ukolezi wa kama 0.83. Yeyusha sukari kwenye mililita 600 au 700 za maji, ikishayeyuka yote ndipo uongeze maji hadi alama ya lita moja. Kutoka hapo, mililita 20 za mmumunyo huo na 80 za maji zinakupa 0.2. Mililita 40 na 60 zinakupa 0.4. Endelea hivyo, na uwe na bomba moja la majaribio (test tube) lenye maji matupu.

Kata vipande virefu vya sentimita 5 na unene wa sentimita 1, vyote kutoka kiazi kimoja, bila ganda hata kidogo, maana ganda lina nta inayozuia maji. Usitumie kiazi kilichochipua, wanga wake umeshaanza kugeuka sukari na jibu litahama. Futa kila kipande kwa karatasi laini, pima uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, kizamishe chote kwa dakika 45 hadi 60, toa, futa kwa namna ile ile, pima tena. Kupima urefu kwa rula peke yake hakusaidii, badiliko mara nyingi ni milimita moja au mbili na kosa la rula ni kiasi hicho hicho. Andika badiliko kwa asilimia, chora grafu. Pale mstari unapokata sifuri, kwa kawaida kati ya 0.25 na 0.35, ndipo ukolezi wa nje unapolingana na wa kiazi. Kama vipande vyote vimeongezeka uzito, hata vile vya 0.6, karibu kila mara havikufutwa.

Nasisitiza: jaribio hili halionyeshi ATP. Wanafunzi huandika "seli ilitumia nishati kuvuta maji" na hilo ni kosa. Maji yanapita yenyewe, kupitia mafuta ya utando na kupitia milango ya akwaporini ambayo Peter Agre alipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 2003. Hakuna pampu ya maji kwenye seli. Seli husukuma ioni, maji hufuata.

Kwa utando wenyewe, badala ya biti nyekundu isiyopatikana kila mahali, tumieni bbugga, ule mchicha mwekundu. Rangi yake imefungiwa kwenye kifuko cha kati cha seli, kwa hiyo ikitoka imepita tando mbili. Kata shina vipande vya sentimita 1, vioshe mpaka maji yabaki meupe (ukiruka hatua hii kila bomba litakuwa jekundu, kwa sababu ya seli zilizokatwa na kisu). Weka vipande vitano vitano kwenye maji ya nyuzi 30, 40, 50, 60 na 70 kwa dakika 5, kisha vihamishie kwenye mililita 10 za maji baridi kwa nusu saa. Hadi 40 rangi ni kidogo. Kutoka 50 kwenda juu inaongezeka kwa kishindo, kwa sababu protini za utando zinaharibika na mafuta yake yanalegea. Kwa pombe ya maabara ya asilimia 10, 20, 30 na 40 utaona jambo hilo hilo bila moto.

Kama unataka kuonyesha kazi ya nishati, chukua hamira. Koroga gramu moja kwenye mililita 25 za kaboneti ya sodiamu ya asilimia 0.75, gawa sehemu mbili, moja ichemshe kisha ipoe. Ongeza matone ya rangi ya neutral red kwenye zote. Rangi hii ni ya njano kwenye alkali na nyekundu kwenye asidi. Hamira hai inageuka nyekundu ingawa maji yake ni alkali, kwa sababu rangi imeingia ndani ambako seli inashikilia asidi yake kwa kusukuma protoni kwa ATP. Iliyochemshwa inabaki njano. Chuja ile nyekundu: maji yanayotoka ni ya njano, rangi nyekundu imebaki kwenye hamira. Mwanafunzi aliyeona hayo hatahitaji kukariri tena.

Mwanabiolojia_FortPortal:

Nimeyaandika yote. La mwisho kwa Musawo: soda je, kwa kuwa ina sukari? Na upande wa Kasese watu wana chumvi ya Katwe nyumbani, inafaa?

Musawo_Hoima:

Soda hapana. Ina sukari inayopita gramu 100 kwa lita na sodiamu kidogo mno. Ni kali mara mbili ya damu au zaidi, inavuta maji utumboni, na haina sodiamu ya kusafiri na sukari hiyo. Kuizimua kwa maji kunapunguza ukali lakini hakuleti sodiamu. Juisi ya matunda iliyotiwa sukari nyingi ni hivyo hivyo. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo ni bora kuliko soda, kwa sababu wanga hukatwa kidogo kidogo kuwa glukosi na haupandishi ukali wa kinywaji kwa mara moja.

Chumvi ya Katwe ina shida mbili. Si kloraidi ya sodiamu tupu, ndani yake mna kaboneti na salfeti pia. Halafu punje zake ni kubwa na hazilingani, kwa hiyo nusu kijiko chake hakina uzito wa nusu kijiko cha chumvi laini. Tumieni chumvi laini ya dukani iliyotiwa madini joto. Na chumvi yoyote mtakayotumia, itangulizeni kwenye maji, onjeni, ndipo mtie sukari. Ikizidi chumvi ya machozi, mwageni muanze upya, maana sukari ikishaingia ulimi hauwezi tena kuitambua chumvi iliyozidi.